Kabla Hujabadilisha Kontroo Boksi: Dalili, Vipimo na Kuprogramu

Ukiambiwa kontroo boksi la gari lako, yaani kompyuta inayoongoza injini, limekufa, muulize fundi amepima nini. Akikujibu kwamba amebadilisha plagi, amebadilisha koili, ameweka pampu mpya ya mafuta na gari bado haliwaki, basi hajapima kitu. Amebahatisha mara tatu, na sasa anataka kubahatisha mara ya nne kwa hela kubwa kuliko zote. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dodoma, na katika maboksi ninayoletewa yakiwa yameshahukumiwa, mengi nayakuta mazima. Kilichokufa ni waya, ni ethi (njia ya hasi inayofungwa kwenye bodi), ni rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), ni betri. Boksi linabebeshwa lawama kwa sababu limejificha nyuma ya dashibodi na wengi wetu hatukufundishwa kulipima.

Kwa hiyo tuanze na dalili. Kununua na kuprogramu tutafika, lakini ufike huko ukiwa na vipimo mkononi. Unahitaji multimita nzuri, taa ya kupimia ya balbu, mchoro wa nyaya wa gari husika, na subira. Mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zinazoandikwa na boksi, inasaidia, ila peke yake haitoshi.

Taa ya injini na betri kwanza

Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Tazama taa ya injini, ile ya njano. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000, ambazo ndizo zimejaa barabara zetu, taa hiyo huwashwa na kontroo boksi lenyewe. Ikiwaka, boksi limeamka na lina umeme. Isipowaka, kuna jambo. Ila hakikisha balbu ipo: kuna watu huing'oa kabla ya kuuza gari ili mnunuzi asione kwamba injini ina matatizo. Nimeshafungua dashibodi nikakuta tundu tupu, na mwenye gari amelitumia mwaka mzima akiamini gari lake halina kasoro.

Halafu betri. Ikiwa imejaa na imepumzika, isome volti 12.6 hivi. Wakati stata inazungusha isishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka, alteneta ilete kati ya 13.5 na 14.5. Betri iliyochoka humfanya fundi akimbizane na vivuli, maana volti zikishuka wakati wa stata boksi linazimika na kuwaka upya, linaandika kodi za ajabu, na gari halishiki. Nimeona kodi P0562, ya volti kuwa chini, ikiwa imeambatana na kodi nyingine sita. Fundi aliyetangulia aliziandika zote kwenye karatasi kama orodha ya spea za kununua. Betri ilipobadilishwa, zote hazikurudi.

Stata inazungusha, taa ya injini haiwaki, mashine ya kodi haishiki

Hii ndiyo dalili inayopeleka maboksi mengi mazima kwenye jalala, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mama mmoja anayefanya biashara ya mahindi na alizeti pale soko la Kibaigwa alinijia na Noah ikivutwa kwa kamba. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na maboksi mawili: la gari lenyewe, na la mtumba alilonunuliwa Dar es Salaam likaja kwa basi.

"Fundi, hata hili la pili nalo wamesema limekufa."

"Pole sana mama. Gari lilianza lini kusumbua?"

"Siku ya pili tu baada ya kubadilisha filta ya hewa."

Alilisema kama jambo dogo. Kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko yote aliyosema, kwa sababu maboksi mawili kufa kwa dalili ileile ni nadra sana, lakini mkono wa mtu kugusa nyaya ni jambo la kila siku.

Nilianza na umeme unaoingia. Boksi lina njia zaidi ya moja ya kupata umeme: moja ya kudumu kutoka betri, inayotunza kumbukumbu, nyingine kutoka kwenye swichi, na nyingine kubwa inayopita kwenye rilei kuu ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme). Zote zilikuwa na volti 12.4. Kisha ethi. Hapa wengi hukosea kwa kupima ohm gari likiwa limezimwa. Waya wenye uzi mmoja uliobaki utakuonyesha ohm nzuri kabisa, ila ukiubebesha mzigo unashindwa. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye pini ya ethi ya soketi ya boksi, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.2, ethi ni mbovu. Ya Noah ilikuwa 0.04. Safi.

Umeme unaingia, ethi nzima, na taa haiwaki. Kabla ya kutamka neno "boksi" kuna kipimo kimoja zaidi. Kontroo boksi hutengeneza volti 5 na kuzigawa kwa sensa: ya throto (mlango wa hewa ya injini), ya pedali ya mafuta, za presha na nyinginezo. Kwenye Toyota nyingi waya huo kwenye mchoro huandikwa VC. Waya huo ukigusa bodi ya gari popote pale, volti hizo 5 zinaanguka, na ubongo wa boksi unazimika pamoja nazo kwa sababu unategemea chanzo hichohicho. Matokeo yake ni dalili ileile ya boksi lililokufa: hakuna taa, hakuna mawasiliano na mashine, hakuna moto kwenye plagi.

Nilipima VC kwenye soketi ya throto. Volti 0.2.

Nikachomoa sensa moja moja huku nikiangalia mita: throto, pedali, presha ya mafuta, ombwe la manifoldi. Zingerudi 5 baada ya kuchomoa mojawapo, ningejua sensa hiyo ndiyo imekufa kwa ndani. Hazikurudi. Maana yake tatizo ni waya. Nikafuata fungu la nyaya hadi kwenye boksi la filta ya hewa, nikalinyanyua. Chini ya kishikizo chake cha chuma, fungu lilikuwa limebanwa na boliti. Utepe ulikuwa umechanika, na waya mmoja ulikuwa umevuliwa ngozi kwa urefu wa punje ya mchele, shaba inang'aa, imelalia chuma. Nilipounyanyua kwa bisibisi ya plastiki mita ikaruka: 5.02. Taa ya injini ikawaka dashibodini. Mama alipiga makofi kabla hata sijapiga stata.

Nikajaribu maboksi yote mawili. Yote mazima. La Dar es Salaam alirudi nalo nyumbani, kwa sababu madukani vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi.

Jambo moja kuhusu mashine ya kodi kutoshika. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu havizungumzi lugha ya kila gari. Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana tundu lile la pini 16, lakini ndani yake lugha ni ya kwao. Kifaa kikikuambia hakioni gari, huo haujawa ushahidi. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo unaweza kuunganisha pini 4 na 13 kwa kipande cha waya, ukageuza ufunguo, na taa ya injini ikapepesa kodi. Ikipepesa haraka bila kukoma, hakuna kodi. Hesabu pini kwa makini: upande mpana ukiwa juu, mstari wa juu ni 1 hadi 8, wa chini 9 hadi 16, kutoka kushoto. Pini 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Ukiibandika kwenye pini 4 ambayo ni ethi, utaunguza fyuzi au zaidi.

Kwenye magari mapya yenye mtandao wa CAN, nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huzungumzia, chomoa betri kisha pima ohm kati ya pini 6 na 14. Mengi husoma karibu ohm 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya ohm 120, kimoja kila mwisho wa mtandao. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana. Na kodi U0100, inayosema mawasiliano na kontroo boksi yamepotea, imeandikwa na kompyuta nyingine ndani ya gari. Inakuambia kwamba hazisikilizani. Sababu utaitafuta mwenyewe.

Taa ipo, mashine inashika, gari haliwaki

Hapa boksi ni mtuhumiwa wa mbali. Angalia kama mashine inaonyesha mzunguko wa injini wakati wa stata. Ikionyesha sifuri, nenda kwenye sensa ya krenki, inayosoma mzunguko huo, na waya wake. Angalia presha ya mafuta, angalia moto. Angalia pia taa ya ufunguo: ikipepesa kwa kasi, au gari likiwaka sekunde moja mbili kisha likazima, ni imobilaiza, ile kinga ya wizi inayosoma ufunguo. Chipu ya ufunguo haisomeki, au boksi na imobilaiza havitambuani.

Misi ya silinda moja isiyoondoka

Umebadilisha plagi, umebadilisha koili, silinda namba 2 bado ina misi, yaani haichomi mafuta vizuri. Hamisha koili ya 2 uiweke 3. Misi ikihama, ni koili. Isipohama, hamisha nozeli, kile kinachopuliza mafuta. Isipohama tena, weka taa ya kupimia kwenye soketi ya nozeli: injini ikiunguruma, taa ipepese. Zingine zinapepesa, hii haipepesi? Pima waya kutoka soketi ya nozeli hadi pini yake kwenye boksi. Ukipata chini ya ohm 1 na haugusi bodi, basi kweli, transista inayoendesha nozeli hiyo ndani ya boksi imeungua.

Sasa usinunue boksi bado. Transista haiungui bila kusababishiwa. Pima nozeli yenyewe: nozeli nyingi za petroli za Toyota huwa kati ya ohm 12 na 16. Ukikuta 2 au 3, hapo ndipo muuaji alipo, na boksi jipya utakalolichomeka litauawa na nozeli hiyohiyo, pengine kabla hujatoka getini. Hali ni hiyo kwa koili, na kwa ile mota ndogo ya silensi (injini kuunguruma bila kukanyaga mafuta) kwenye Mitsubishi za zamani, ambayo inajulikana kwa kushoti ndani na kuunguza boksi. Mota hiyo inapaswa kusoma karibu ohm 30 kila koili. Mtu akiniletea Pajero ya zamani yenye boksi lililoungua, naomba kwanza kuiona hiyo mota.

Linazima likipata moto, likipoa linawaka

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja hapa Dodoma, jua likiwa limekaa, dalili hii huja kwa wingi. Mtu anatoka Manyoni vizuri, akifika Bahi gari linazima, anakaa kivulini nusu saa, linawaka tena. Sababu ya kawaida ni sensa ya krenki, ya pili ni rilei kuu, ya tatu ni pampu ya mafuta. Boksi ni la nne.

Lakini lipo, na linajulikana. Agosti 2010 Toyota iliyaita gereji magari zaidi ya milioni moja ya Corolla na Matrix ya mwaka 2005 hadi 2008 huko Marekani na Kanada, kwa sababu ya nyufa zilizoweza kutokea kwenye maungio ya risasi au kwenye vijenzi vya kinga ndani ya kontroo boksi. Dalili zilikuwa taa ya injini kuwaka, gia kuingia kwa kishindo, gari kutowaka, na mara chache injini kuzima mwendoni. Ufa wa namna hiyo hufunguka kwa joto na kujifunga kwa baridi.

Kulitofautisha ni rahisi kama una mashine na uko karibu gari linapozima. Likizima, usiliache lipoe. Geuza ufunguo palepale. Taa ya injini ipo na mashine inashika, ila mzunguko wakati wa stata ni sifuri: nenda kwa krenki. Taa na mashine vyote vimepotea: pima umeme wa rilei kuu. Umeme upo na volti 5 hazipo, na zinarudi gari likipoa, sasa unaweza kulitilia boksi shaka. Mimi hulipasha kwa mashine ya kukaushia nywele mezani, polepole, mpaka lijionyeshe. Usitumie moto wa gesi.

Kwa gia zinazopiga teke, sitasema mengi. Mafuta ya gia na solenoidi (vali za umeme za gia) kwanza. Ila RAV4 za 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani zilipata sifa ya boksi kuharibu namna ya kubadili gia hadi kuumiza gia boksi lenyewe, kwa hiyo ukiona kodi za solenoidi na solenoidi zinapima vizuri, usiridhike haraka.

Kodi zinazotaja boksi lenyewe

P0601 hadi P0606 zinazungumzia kumbukumbu na ubongo wa ndani. Hata hizo, zifute, endesha, uone kama zinarudi. P0603 hujitokeza kwenye magari mengine kwa sababu tu betri ilichomolewa. P0605 na P0606 zikirudi kila unapogeuza ufunguo, huku betri na ethi zikiwa safi, nazikubali.

Nini kinayaua maboksi huku kwetu

Vumbi lenyewe haliui boksi. Kinachoua ni tunavyolishughulikia vumbi. Gari likitoka Mtumba au kwenye barabara ya changarawe, injini imekuwa nyekundu, mtu analipeleka kuosha, na kijana anafungua boneti na kupiga maji ya presha kila kona. Magari mapya zaidi mengi yana boksi hapo hapo chini ya boneti. Mpira wa soketi uliokaushwa na jua letu hauzuii maji ya presha. Baada ya wiki mbili pini zina kutu ya kijani. Waambie vijana wapulize hewa na kufuta kwa kitambaa.

Kwenye magari ambayo boksi liko ndani, nyuma ya kijidroo cha abiria, adui ni mwarobaini. Tunaegesha chini yake kwa ajili ya kivuli, majani yanaingia chini ya waipa, yanaziba mifereji ya kutolea maji. Miezi ya kiangazi huoni kitu. Mvua ya kwanza ya Desemba inakuja, maji yanakosa njia, yanashukia ndani. Ukiona zulia la abiria limelowa, usisubiri gari ligome: chomoa betri, toa boksi, likaushe. Ukilifungua ukakuta maji yamekauka tu juu ya bodi ya saketi, spiriti safi na brashi laini vinaweza kuliokoa. Kwenye maboksi ya miaka ya 1990 kuna kapasita zinazovuja zenyewe kwa uzee. Utazijua kwa pua, zinanuka kama dagaa walioloa.

Kuchomelea ni la tatu. Bampa la chuma, keria, mguu wa chesisi: fundi wa kuchomelea akiweka kibano chake cha ethi mbali na anapochomea, mkondo unatafuta njia kupitia ethi za umeme wa gari. Chomoa betri pande zote mbili, hasi na chanya, na kwa kazi karibu na dashibodi chomoa boksi lenyewe. Kuna pia kugeuza nyaya za kubusti, chanya kwenye hasi. Sekunde moja inatosha.

Na panya. Gari lililobeba karanga kutoka Kongwa na kulala nje huwa na wageni.

Umeshathibitisha. Sasa kununua

Toa boksi, soma namba yake. Toyota huanza na 89661, Nissan 23710, Honda 37820, Subaru 22611, Suzuki 33920. Namba yote ifanane, hadi tarakimu ya mwisho. "Linaingia kwenye soketi" haina maana yoyote. IST ya NCP60 ina injini ya 2NZ ya 1.3, NCP61 ina 1NZ ya 1.5, na NCP65 ni ile inayovuta magurudumu manne. Soketi zinaweza kukubaliana huku ramani ya mafuta, gia na imobilaiza vikikataana. Mpelekee muuza spea picha ya kibandiko, na umwombe picha ya boksi analokutumia kabla hujamtumia hela.

Kabla ya kulichomeka, chomoa hasi ya betri na usubiri dakika kama kumi. Gusa chuma cha bodi kabla ya kushika boksi, na usiguse pini kwa vidole. Kipindi cha upepo, mwezi wa saba hadi wa tisa, hewa ya Dodoma ni kavu kiasi kwamba ukivua sweta unasikia cheche. Cheche hiyo hiyo kwenye pini ya boksi inaweza kuua chipu bila wewe kuhisi kitu.

Kuprogramu

Kuna njia tatu, na inategemea gari.

Gari lisilo na imobilaiza, namba za boksi zikiwa sawa: chomeka, washa. Magari mengi madogo ya Japani yako hivi, na mtu akikudai hela ya kuprogramu mwulize anaprogramu nini.

Gari lenye imobilaiza: boksi la mtumba limezoea funguo za gari lingine. Baadhi ya Toyota zenye boksi la imobilaiza linalojitegemea hukubali kutambulishwa upya: unaunganisha pini 4 na 13, unageuza ufunguo bila kupiga stata, unaacha dakika 30, unazima, unatoa waya, unawasha. Hakikisha kitabu cha gari lako kinaitaja njia hiyo. Zisizokubali, unafungua maboksi yote mawili na kunakili kumbukumbu kutoka la zamani kwenda la pili. Kwenye Toyota nyingi ni chipu ndogo ya miguu minane, 93C56 au 93C66. Isome mara mbili, linganisha, na kama nakala mbili hazifanani hata kwa herufi moja, safisha miguu usome tena. Hifadhi nakala kabla ya kuandika chochote. Hii ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu gari linaamka likidhani halijawahi kubadilishiwa kitu.

Boksi jipya tupu: linahitaji programu ya kiwandani na mashine yake. Hapa magari yetu yana shida ya pekee. Gari la soko la Japani halina ile namba ya tarakimu na herufi 17; lina namba ya chesisi fupi. Mashine zinazodai namba ya 17 zinakwama. Kama boksi la mtumba la namba ileile linapatikana, nenda nalo.

Kwa njia yoyote inayoandika programu kupitia soketi ya gari, umeme ndio kila kitu. Betri ishikiliwe karibu volti 13 hadi 13.5 bila kuyumba, muda wote. Injini isiwake. Zima taa, feni, redio, funga milango ili taa ya ndani isiwake. Usitumie chaja ya kawaida ya kujazia betri. Volti zake zinarukaruka. Umeme wa ukutani ukikatika katikati ya kuandika, boksi linabaki na nusu ya programu na linaweza kugoma kuamka kabisa. Mimi naunganisha betri ya pili kubwa, iliyojaa, sambamba na ya gari, hata kama chaja nzuri ipo. Kompyuta iwe na betri yake imejaa, isiruhusiwe kulala, na tumia kebo, siyo bluetooth. Boksi lililokwama mara nyingine hufufuliwa mezani kwa kufunguliwa, lakini usilitegemee hilo.

Limewekwa, sasa lina tabia mpya

Linawaka na kuzima baada ya sekunde mbili: imobilaiza haijatambulishwa vizuri. Rudia.

Silensi iko juu au inayumba: boksi halijajifunza throto. Nissan zina utaratibu wake, na hautafanikiwa kama injini haijafika nyuzi 70 na betri haizidi volti 12.9, watu huurudia mara ishirini wakiwa na AC imewashwa na hawajui kwa nini unakataa. Honda nyingi: washa bila mzigo, shikilia mizunguko 3,000 mpaka feni ya rejeta iwake, kisha acha silensi dakika tano, usiguse kitu. Safisha throto kabla, siyo baada, maana ukiisafisha baada ya kujifunza itabidi ianze upya.

Gia zinaingia kwa kishindo siku ya kwanza: endesha taratibu, ipande na ishuke gia zote, hadi Chamwino na kurudi. Kishindo kikibaki, rudi kwenye namba ya boksi.

Kodi za kitu ambacho gari halina, kwa mfano sensa ya kuvuta magurudumu manne kwenye gari linalovuta mawili tu: umeuziwa boksi la gari lingine. Hakuna wa kuprogramu hapo.

Boksi la zamani dai urudishiwe, hata kama limeungua. Transista za nozeli zinaweza kuwa zimekufa huku ile chipu ya miguu minane ikiwa nzima, na ndani yake ndimo zilimo siri za funguo zako. Litakapopatikana tatizo miaka miwili ijayo, fundi mwingine atalihitaji. Andika juu yake tarehe na namba ya gari kwa kalamu ya rangi, lifunge kwenye mfuko wa nailoni, uliweke kabatini mbali na jua.